Slaidi ya kempa imegoma? Weka spana chini kwanza

Kisa kinachoniletea kazi nyingi kuliko vyote ni hiki. Mtu slaidi ya kempa yake, kile chumba kinachotoka kwenye ukuta wa trela ya kulala, imeanza kwenda upande, anatazama anaona kebo moja ya chuma imelegea, anachukua spana anaikaza, slaidi inanyooka, anafurahi, wiki mbili baadaye kebo ileile inakatika, chumba kizima kiko nje na mvua yaja. Hapo ndo napigiwa simu naambiwa hizi slaidi za kebo ni takataka. Si takataka jamani. Kebo ikilegea kuna kitu kimeilegeza, na ukikaza bila kukitafuta hicho kitu umeongeza mzigo juu ya kebo ambayo tayari inaumwa.

Mimi kebo za chuma nilianza kuzijua Lamu kwenye boti, kebo za usukani na za gia, chumvi ikizila kila msimu. Mzee aliyenifunza alikuwa nahodha wa jahazi kabla hajaingia mambo ya mashine, na kila nikimwendea na kebo mkononi, "Ami, na hii nayo imekwisha," hata haiangalii, aniambia tu, "Tezama kapi kwanda, mwanangu." Kwenye jahazi henza, ile kamba ya kupandishia tanga, ikikatika hailaumiwi kamba, mtu anapanda mlingoti kuona kapi, yaani puli inayopitisha kamba, imefanya nini. Sasa niko Malindi, na kempa zenye slaidi huku si nyingi lakini zipo, trela zilizoletwa kutoka Marekani ama Ulaya, zingine zimegeuzwa vyumba vya wageni kwenye ploti, moja najua ni duka la juisi, nyingine ni za wasafiri wanaopita kuelekea Sala Gate kuingia Tsavo Mashariki. Shida zao ni zilezile zinazojirudia, ndo maana nimeamua niziandike zote mahali pamoja.

Ujue kwanza unatazama nini

Slaidi ni sanduku linalotoka kwenye ukuta wa kempa ili chumba kiwe kikubwa ukishapaki. Ziko za gia ya meno, ziko za haidroliki, na ziko hizi za kebo, inayojulikana sana ikiwa Accu-Slide ya BAL ya kule Marekani. Mota moja ya volti 12 inakaa mara nyingi juu ya tundu la slaidi, nyuma ya ule ubao wa urembo. Inazungusha sproketi (gurudumu la meno), sproketi inavuta cheni kama ya bodaboda, na kwenye cheni zimeungwa kebo ambazo zinapita juu ya kapi (wengine mwasema puli) kwenye fremu ya ukuta kisha zinaenda kushika kona za sanduku. Kona nne za upande wa ndani, kona nne za upande wa nje, jumla kebo nane.

Hapa watu wanachanganya, kwa hivyo soma polepole. Kebo zinazoshika kona za ndani ndizo zinazotoa slaidi, manake zinavuta mgongo wa sanduku uje ukutani. Zinazoshika kona za nje ndizo zinazoirudisha. Kwa hivyo slaidi ikiwa nje, kebo unazoziona ukisimama uani ni za kurudisha, na ikiwa ndani, zile zinazopita kando ya sanduku mle chumbani ni za kutoa. Nishaona mtu amekaza za kutoa siku nzima na shida yake ni kurudi.

Na kulegea kidogo si ugonjwa. Slaidi ikiwa nje kabisa, za kutoa zinakaza na za kurudisha zinapumua kidogo, ikiwa ndani inakuwa kinyume chake. Ukizikaza zote nane zilie kama gambusi umeharibu.

Dakika tano kabla ya kushika chochote

Weka pimamaji sakafuni, kwa urefu na kwa upana. Kempa ikiinama slaidi inaenda upande hata kama kila kitu ni kipya. Mchanga wetu huu jeki inazama usiku bila wewe kujua, hasa baada ya mvua, so weka mbao pana chini ya kila mguu na upime tena asubuhi. Halafu zunguka nje na ndani. Tawi la mwarobaini, kiti, ndara ya mtoto iliyoingia chini ya sanduku, ile fito ya kuizuia slaidi isitoke safarini ambayo mtu amesahau kuitoa. Nusu ya "mota imekufa" ninazopigiwa mota ni nzima, na mara mbili ilikuwa ile fito.

Onyo moja mapema kabisa: mtu asisimame kati ya slaidi na kitu kigumu wakati inatembea, na ukitaka kutia mkono kwenye cheni ama kapi, toa kwanza waya hasi wa betri. Swichi iko ukutani, na mtoto hajui kama vidole vyako viko kwenye sproketi.

Unabonyeza swichi, kimya kabisa

Kinachoongoza ni betri. Pima kwa mita ikiwa imetulia, betri nzuri iliyojaa inasoma volti 12.6 hivi, ikisoma 12.2 iko nusu, ikisoma 12.0 usijaribu hata, chaji kwanza. Pili fyuzi ama ile breka ndogo ya kukata umeme, inayojirudisha yenyewe. Usiweke fyuzi kubwa zaidi ya iliyoandikwa, nimekuta waya umeyeyuka ndani ya ukuta wa mbao kwa sababu mtu aliweka kipande cha ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Tatu ni kutu kwenye viungo vya waya, na hapa pwani naiweka juu sana kuliko vile vitabu vya Marekani vinavyoiweka, hasa ule waya hasi unaofungwa kwenye chasisi kule chini. Ondoa nati, sugua kwa msasa hadi chuma king'ae, funga, kisha paka grisi juu yake. Nne ni swichi yenyewe, na tano ni rilei (viswichi vinavyowashwa na umeme), ambazo huwa mbili, moja ya kutoa na moja ya kurudisha. Ukisikia "tak" ya rilei na mota haifanyi kitu, umeme wa swichi unafika mpaka rilei, shida iko kwenye rilei yenyewe ama mbele yake. Mota yenyewe naiweka mwisho. Ni nadra ife ghafla bila kukupa dalili.

Kuna moja ya huku kwetu ambayo huwezi kuisoma kwenye kitabu chao. Trela nyingi za Marekani zimetengenezwa kwa umeme wa volti 120, yetu ni 240. Nilienda kwa mzee mmoja wa Kitaliano upande wa Casuarina, slaidi imegoma, kabla yangu mafundi wawili washapita, mmoja akabadilisha swichi, mwingine akakaza kebo, kebo za watu, maskini, zimekaza hadi ubao wa kona umeanza kupasuka. Nikapima betri, 11.4. Nikauliza inachajiwa na nini. Akanionyesha waya mrefu wa ekstensheni umechomekwa kwenye nyumba moja kwa moja. Ile chaja ya ndani, inayogeuza umeme wa nyumba kuwa volti 12, ilikuwa imeungua zamani, ukinusa karibu bado ina harufu, na kila siku betri ilikuwa inatoa bila kupokea. Kempa ya Marekani huku lazima transfoma ya kushusha, na iwe ya uwezo wa kutosha, si ile ndogo ya redio. Kama ushachomeka moja kwa moja na kitu kimenuka, simama hapo, ita fundi umeme, si fundi wa slaidi. Umeme wa 240 kwenye chuma cha trela unaua.

Mota inalia lakini slaidi haiendi, ama inajivuta kama kobe

Ikijivuta, rudi kwenye umeme. Pima volti kwenye miguu ya mota yenyewe wakati mtu anabonyeza swichi. Betri ikiwa 12.6 na motani zinafika 10, unapoteza njiani, waya mwembamba ama kiungo chenye kutu, na mota inayonyimwa volti inahangaika muda mrefu na kupata moto. Ikiwa volti zinafika vizuri na bado inajivuta, kuna kinachoshikilia: mpira wa kuzuia maji umekauka umegandia ukuta, ama chini ya sanduku kuna kitu kinasugua, ama kapi imeganda.

Ikienda kidogo ikasimama, dakika mbili ikaenda tena, hiyo ni breka inakatika kwa sababu ya mzigo. Breka haina kosa, usiibadilishe.

Ikiwa mota inazunguka vizuri, unaisikia kabisa, na slaidi haitikisiki, fungua ubao wa urembo utazame cheni. Huwa imeruka sproketi, ama sproketi inazunguka bure juu ya shafti kwa sababu ufunguo wake (kile kipande cha chuma kinachoishika kwenye shafti) ama skrubu yake imelegea. Hiyo ya skrubu ni kazi ya dakika kumi. Ikiwa mota inafanya tk-tk-tk-tk mwisho wa safari, kwenye baadhi ya mota hiyo ni klachi inakwambia tumefika, uache swichi. Ikifanya hivyo katikati ya safari si kawaida. Na ikisaga kama inakula mchanga, meno ya ndani yamekwisha, hapo utaagiza mota, usifungue gia ukidhani utaitengeneza na kipande cha shaba, nimejaribu, haikudumu.

Inaenda upande, ama kona moja inabaki nyuma

Hii ndo yenyewe. Hapa ndo watu wanachukua spana.

Umeshapima na pimamaji? Basi chukua futi, toa slaidi nje kabisa, pima kutoka ukutani hadi ukingo wa sanduku kwenye kona zote nne, andika. Irudishe, pima tena, andika. Hizo namba ndizo zitakuambia kona gani na upande gani wa safari. Kama kona imebaki nyuma wakati wa kutoka, unatafuta kwenye kebo ya kutoa ya kona hiyo, kama ni wakati wa kurudi ni ile ya kurudisha. Usikisie kwa macho, macho yanadanganya kwa sababu kempa zenyewe zimeinama tayari.

Sasa fuata kebo ya kona hiyo mwanzo hadi mwisho, na usianzie kwenye kebo. Anzia kapi. Chora alama kwenye kapi kwa maka peni, mwambie mwenzako abonyeze swichi kidogo, slaidi itembee kiasi cha mkono. Ile alama inazunguka? Ikizunguka vizuri. Ikiwa imesimama palepale na kebo inapita juu yake, umeshampata mwizi. Kapi iliyoganda haivingirishi, inasugua, kebo inachimba mfereji kwenye kapi na kapi inakwangua kebo, na unachokiona wewe kule mwisho ni "kebo imelegea". Vumbi jekundu la njia ya Sala likichanganyika na hewa ya chumvi linakuwa kama saruji ndani ya kapi. Kempa moja ilikuja kwangu moja kwa moja kutoka mbugani, nikapuliza kapi ya chini kwa hewa ya kompresa, ikatoka wingu jekundu, mwenye gari akacheka akasema amebeba Tsavo nyumbani. Kapi iliyoganda ikifunguka kwa kusafishwa na tone la mafuta mepesi, sawa. Ikiwa ina mfereji ama inacheza cheza kwenye pini, ibadilishe pamoja na kebo yake, kebo mpya juu ya kapi mbovu ni pesa umetupa baharini.

Kapi ikiwa nzima, nenda kwenye kona, pale kebo inaposhika sanduku. Pana braketi imefungwa na skrubu kwenye mbao. Ishike utikise. Hapa Malindi nina maadui wawili, maji na mchwa. Mambrui nilikuta braketi inaonekana safi kabisa, rangi haijabanduka, nikaivuta kwa vidole viwili ikatoka na unga. Mchwa walikula ubao wote nyuma yake wakaacha rangi. Mwenyewe alikuwa amekaza ile kebo mara tatu, na kila akikaza, si kebo iliyokuwa inavutwa, ni skrubu zilizokuwa zinatoka kwenye unga. Usiweke skrubu ndefu zaidi kwenye ubao uliooza. Kata ubao mbovu, weka mpya uliotiwa dawa, tumia bolti zinazopita upande wa pili na bamba nyuma. Kama kuoza kumeingia hadi sakafu ya slaidi, acha, hiyo ni kazi ya mtu anayeweza kulishikilia sanduku zima lisianguke wakati mbao zinatolewa. Sanduku lenye kabati na kitanda lina uzito wa kuvunja mguu.

Sasa ndo kebo. Aina inayotumika sana inaitwa 7 kwa 19, yaani mafungu saba, kila fungu nyuzi 19, jumla nyuzi 133 nyembamba, ndo maana inapinda vizuri juu ya kapi ndogo. Na ndo maana chumvi inaiweza, kila uzi ni mwembamba. Usipitishe mkono mtupu. Chukua kipande cha leso kuukuu, kizungushe kwenye kebo, kivute polepole, hasa sehemu inayopita kwenye kapi na karibu na ncha. Kwa mteja mmoja wa Mokowe, kule kwa kuvukia Lamu, aliyeiacha kempa jetini msimu mzima wa kusi akavuka kwenda kisiwani, kebo kwa macho ilikuwa inang'aa. Leso ikapita, ikapita, karibu na kapi ya juu ikanasa, nikaitazama, uzi wa leso umebaki umening'inia kwenye mwiba mdogo hata hauonekani bila tochi. Nikaipinda kidogo hapo, miba ikatokeza kama ya samaki. Uzi mmoja uliokatika kwenye kapi maana yake wenzake wako njiani. Hiyo kebo haikazwi, inabadilishwa.

Umetazama vyote hivyo na vyote ni vizima? Haya, sasa chukua spana. Mwisho wa kebo kuna skrubu ndefu yenye nati mbili, moja ya kukaza na moja ya kufungia. Shika ile skrubu na vaisgripu isizunguke unapogeuza nati, ukiiacha izunguke unaisokota kebo yenyewe na nyuzi zinafunguka. Nusu mzunguko kwa mara moja, tembeza slaidi, pima kona zote. Na ukikaza ya kutoa, legeza ya kurudisha ya kona hiyohiyo kiasi kilekile, la sivyo zinavutana kama watoto wawili wanaogombea leso moja na kinachochanika ni leso. Ukiona umegeuza mizunguko mitatu minne na kona bado haijakaa, kuna kitu umekiruka huko juu. Rudi kwenye kapi.

Kelele

Nitaenda haraka hapa. Mlio wa kukwaruza kama msumari kwenye bati ni kebo inasugua braketi ama imetoka kwenye kapi, simamisha mara moja. "Kwak" moja kubwa mwanzo wa safari ni mpira uliogandia kuachia, ama cheni iliyolegea kukaza. Mlio wa ndege mdogo ni kapi kavu. Mlio wa mbao, ule wa kitanda cha zamani, ni sakafu ya sanduku, piga tochi chini yake uone kama imepinda.

Mafuta: cheni ipake mafuta mepesi kisha ufute yanayoning'inia. Grisi nzito usiweke, inakamata mchanga na unageuka msasa. Kebo zifute kwa kitambaa chenye mafuta mepesi kila baada ya wiki chache ukiwa karibu na ufuo, na kabla ya hapo zioshe kwa maji matamu. Nasema matamu, si ya kile kisima chako cha ploti ya mita 100 kutoka baharini, hayo yenyewe ni chumvi.

Inafunga lakini mvua inaingia

Kwanza tazama kama imefunga kweli pande zote nne, karatasi ikipita kati ya mpira na ukuta haijafunga, na hiyo ni shida ya kona, rudi juu. Kama imefunga na bado maji yanapita ni mpira wenyewe. Jua letu linaukausha mpira, unapasuka vijistari, unakuwa mgumu. Dawa yake ni silikoni ya kupuliza, ama poda ya talka kwa zile sehemu zinazogandana. Mafuta ya gari yanaula mpira. Na mafuta ya nazi, jamani, najua yanatibu kila kitu huku kwetu, lakini kuna dada mmoja aliyapaka kwenye mipira yote ya slaidi, siku ya pili siafu wamepanga foleni kutoka mwarobaini hadi kitandani.

Maji yakiwa yameingia kwa muda, bonyeza sakafu ya slaidi kwa kidole gumba kwenye kona za nje. Ikibonyea, umeshachelewa kwa mpira, mbao inaoza, na ndo mwanzo wa ile hadithi ya Mambrui.

Kebo imekatika kabisa

Acha swichi. Usijaribu "kidogo tu nione". Zilizobaki zinavuta sanduku kwa kona tatu, linajipinda, linakaba kwenye fremu, na mota haijui, inaendelea kuvuta hadi braketi itoke ama kebo ya pili ikatike. Kebo yenye mvuto ikikatika inarudi kama mjeledi, watu wasimame kando, si kwenye mstari wake.

Na usifungie Land Cruiser kamba ukasukuma ama kuvuta slaidi. Nasema kwa sababu nishaikuta imefanywa.

Kama ni mjini na hamna mvua, iache nje vilevile, itegemeze kwa mbao chini ya kona za nje, funika na turubai, subiri fundi. Kama uko njiani na lazima uingize, toa waya hasi wa betri, tafuta mahali pa kuzungusha mota kwa mkono, mota nyingi zina shimo ama kichwa cha kuingiza soketi au krenki, kijitabu cha gari lako kitaonyesha ni wapi. Mmoja anazungusha polepole, wengine wawili wanasukuma ile kona isiyo na kebo kwa viganja, pole kwa pole, sote pamoja kama mnashusha mashua majini, mmoja akisema simama wote mnasimama. Mkifika kwenye ugumu msilazimishe, rudisha nyuma kidogo mtazame kinachokaba. Ikishaingia, kata fito ya mbao iikamate mle ndani isitoke, manake sasa upande ule hauna kinachoishikilia, na kutoka Garsen hadi hapa kona na matuta yatakutolea chumba barabarani.

Watu wanauliza kuhusu klipu za U, zile za kuungia waya wa nanga. Kwa kuunga kebo ya slaidi katikati, hapana. Kiungo hakiwezi kupita kwenye kapi, na kebo iliyofungwa fundo inapoteza kama nusu ya nguvu yake. Klipu ina kazi yake, na hata huko zinafungwa na tandiko upande wa kebo inayobeba mzigo, ile bolti ya U ikakaa upande wa mkia, ile ncha fupi isiyobeba mzigo, wengi wanazifunga kinyume. Wanauliza pia kuhusu stenlisi. Baharini naipenda, lakini juu ya kapi ndogo inayopindapinda kila siku stenlisi huchoka mapema kuliko ile ya kawaida iliyochovywa zinki, na mbaya zaidi inakatika ndani ikiwa bado inang'aa nje, kama ile ya Mokowe. Ile ya zinki angalau inakuonyesha kutu ukajua. Mimi narudisha aina na unene uleule uliokuja na gari. Nene zaidi usiweke, haipindi kwenye kapi hiyo, itakatika haraka kuliko nyembamba.

Ukiagiza, usiagize moja. Iliyokatika ina ndugu saba wa umri mmoja, wamekula chumvi ileile. Agiza zote nane na kapi zake, na mzigo ukitoka Marekani utakaa wiki kadhaa njiani, kwa hivyo zile za zamani usizitupe: zinyooshe sakafuni, pima kila moja kutoka ncha ya skrubu hadi ncha ya pili, andika kwa maka kwenye kipande cha tepu ni ya kona gani na ya kutoa ama ya kurudisha, uzifunge kwenye mfuko. Piga na picha njia ya kila kebo kabla hujaitoa, kapi kwa kapi, manake fundi atakayekuja hakuwepo siku unazifungua.